Kusifu Maua Wakati wa Tauni

Je, ni haki mshairi kusifu maua hali jirani zake wanakufa? Wako wasemao kuwa utamu wa maneno katika siku za msiba ni uongo uliopambwa. Hukumu hiyo yafaa kupimwa kwa mfano.

Mchezo wa Thomas Nashe, mtunzi wa Uingereza, uitwao Summer's Last Will and Testament, ulipigwa chapa mwaka 1600, lakini huaminiwa kuwa uliandikwa yapata mwaka 1592, tauni ilipokuwa tishio London. Ndani yake umo wimbo wa majira ya kuchipua, wakati baridi ya Ulaya iondokapo na miti mikavu huvaa majani. Picha zake ni nyepesi: wanakondoo warukao, wachungaji wapigao filimbi, vijana wapendanao, vikongwe waotao jua. Msomaji aliyelelewa na vina vya kati na vya mwisho atavitambua humo, vikirudi upesi kama vishindo vya miguu ngomani. Kisha kila ubeti huishia kwa milio ya ndege. Hapo sikio husadiki majira kabla akili haijaelezwa.

Lakini katika mchezo huohuo umo wimbo wa pili, ambao kila ubeti wake humalizikia kwa kukiri ugonjwa na kuomba rehema ya Mungu. Tena majira ya kuchipua yenyewe, yakiwa katika umbo la mtu, yaitwa kutoa hesabu, nayo yaonekana yamekwisha kutapanya mali yote kwa anasa. Basi mtunzi alijua kuwa furaha haina akiba.

Mtu aweza kujibu kwamba mgonjwa hutaka dawa, hataki ndege. Ni kweli; wala wimbo haudai kuponya. Walakini kuomboleza ni kushuhudia kuwa kilichopotea kilikuwa chema. Asiyeonjeshwa utamu wa uhai atapimaje hasara ya mauti?

Kwa hiyo sifa ya maua huwa uongo pale tu inapotumiwa kuziba kilio. Nashe hakukiziba. Hata miongoni mwa ndege zake, mlio wa mwisho hudhaniwa kuwa wa bundi, ambaye huko, kama kwetu, alihesabiwa mjumbe wa kifo. Naye aliachiwa nafasi yake katika wimbo.