Nakshi Juu ya Silaha

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, na wanafunzi wakaikariri bila taabu. Lakini swali moja sikuwahi kuwauliza, wala mimi mwenyewe sikujiuliza mpaka nilipokuwa mtu mzima: hicho kizuri kinapojiuza, huwa kinauza nini hasa? Ndugu msomaji, nakuomba tulitazame swali hilo pamoja.

Mwaka 1996, kwa ajili ya urafiki uliokuwepo kati ya shule yetu na shule moja ya kusini mwa Ujerumani, nilipata bahati ya kualikwa huko kwa majuma matatu. Siku moja mwenyeji wangu, mwalimu kama mimi, alinipeleka kwenye makumbusho madogo ya mji wao. Ndani ya kasha la kioo ilikuwapo bunduki ya kulengea shabaha iliyotengenezwa katika karne ya 19. Sijapata kuona chombo kilichopambwa kiasi kile. Kitako chake cha mbao ya mjozi kilichongwa majani ya mwaloni, yakipandana mpaka karibu na mtutu. Kwenye chuma cha ubavuni fundi alikuwa amechora msitu mzima, na katikati yake mnyama dume mwenye pembe zenye matawi, amegeuza shingo kana kwamba amesikia mtu akija.

Mwenyeji wangu alinieleza habari zake. Tangu zamani miji ya Wajerumani ilikuwa na vyama vya walengaji, raia waliojizoeza kwa pinde za mtambo, na baadaye kwa bunduki, ili waweze kulinda kuta za mji wao. Haja ya kulinda kuta ilipokwisha, vyama vilibaki, na mazoezi yakageuka kuwa sherehe. Mwaka 1861, katika mji wa Gotha, vyama hivyo viliunda umoja wao wa taifa. Kila mwaka watu hukusanyika, hupiga ngoma na kuandamana, na aliyelenga vizuri kuliko wote huitwa mfalme wa walengaji. Shabaha zenyewe mara nyingi zilikuwa mbao za mviringo zilizochorwa picha, na zilizopigwa vizuri zilitundikwa ukutani kama kumbukumbu.

Akanionyesha pia jinsi bunduki ile ilivyoundwa. Mtutu wake ni mnene na mzito, ili usitikisike mlengaji anaposimama bila kuegemea kitu. Bamba la kitako limepindwa kama mwezi mchanga, likumbatie bega na mkono. Ina vifyatuo viwili: cha kwanza hutega mtambo, na cha pili, baada ya kutegwa, huhitaji kuguswa tu. Mwalimu yule akacheka, akasema, "Huwezi kwenda nayo vitani. Ungechoka kabla ya kumwona adui. Hii imeua mbao tu."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikucheka. Mimi ni mtu wa upande wa Songea. Nimezaliwa katika nchi ambayo Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 bado vinasimuliwa jioni kama habari za jana. Machifu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa pale Songea mwezi wa Februari 1906. Wako wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa katika vita vile walifika 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Basi nilijiuliza pale mbele ya kioo: je, mjukuu wa watu wale anaruhusiwa kuiona bunduki ya Mjerumani kuwa nzuri?

Jibu la haraka ambalo watu wengi hulitoa ni kwamba chombo hakina kosa, kosa ni la mkono. Kisu hukata kitunguu, na kisu hicho hicho huua. Sikatai kwamba kuna ukweli hapo. Lakini ni ukweli nusu, maana mkono wa fundi nao ni mkono. Fundi huamua chombo kitakuwa chepesi kwa kazi gani na kizito kwa kazi gani. Aliyeitengeneza bunduki ile aliifanya iwe bora mbele ya ubao, na iwe mzigo mahali pengine popote. Bunduki zilizoletwa kwetu zilitengenezwa na mafundi wenye nia nyingine, na wala hazikuhitaji majani ya mwaloni.

Wengine husema kwamba uzuri hukitakasa chombo, kwamba silaha iliyopambwa imekwisha kuwa pambo. Hapa ndipo lazima nikiri jambo langu mwenyewe, kwa sababu nilipokuwa nimesimama pale sikuwa nikiiwaza bunduki peke yake.

Mwaka 1986 wazazi wa shule niliyokuwa mwalimu mkuu walinizawadia fimbo ya mpingo. Ilikuwa imechongwa tangu juu hadi chini: ndege, majani, na nyoka aliyejizungusha. Niliitundika ukutani ofisini, na kila mgeni aliyeingia aliisifu. Sikuihesabu kuwa fimbo, niliihesabu kuwa heshima. Miaka miwili baadaye aliletwa kwangu mvulana wa darasa la tano aliyevunja kioo cha dirisha kwa manati. Fimbo ya kawaida haikuwapo karibu. Nikanyoosha mkono ukutani, nikamchapa viboko viwili kwenye kiganja.

Ndugu msomaji, fimbo laini huvimbisha. Fimbo ile ilichana. Kingo za mbawa za ndege yule, ambazo nilikuwa nikizipapasa kwa kidole wageni walipokuja, ndizo zilizoingia katika ngozi ya mtoto. Damu ilidondoka juu ya daftari lililokuwa mezani. Mvulana hakulia. Aliitazama fimbo, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama anaweza kwenda kunawa.

Kanuni za wakati ule zilimruhusu mwalimu mkuu kuchapa, na zile za mwaka 2002, zinazoweka kikomo cha viboko vinne, bado zinaruhusu. Kwa sheria sikuwa na kosa. Lakini nakshi haikuitakasa fimbo. Ilichokifanya ni kunisahaulisha kwamba ni fimbo. Kama ingekuwa tawi la mpera, ningelijua nimeshika nini.

Basi nikafikia uamuzi pale makumbushoni, na sijaubadilisha mpaka leo. Niliruhusiwa kuiona bunduki ile kuwa nzuri, kwa kuwa uzuri wake ulikwenda pamoja na uzito wake: watu waliichukua silaha wakaifunga kwenye mchezo, ndipo wakaipamba. Fimbo yangu ilipambwa bila kupunguziwa chochote, ikabaki tayari. Tukitaka kukipima chombo chenye nakshi, tusiulize kimepambwaje. Tuulize mapambo yameondoa nini katika uwezo wake wa kudhuru. Kama hayakuondoa kitu, tukiogope zaidi, maana kimetufumba macho. Na nadhani jambo hili halihusu vyombo tu. Kuna maneno yaliyonakshiwa, na kuna vyeo vilivyonakshiwa.

Mwaka 2004 nilikutana na kijana yule sokoni. Amekuwa fundi seremala. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akanipa mkono. Niliitikia marahaba, na ndani ya kiganja changu nikausikia mstari mwembamba, mgumu kidogo kuliko ngozi nyingine. Nilikuwa na maneno ya kusema. Nikamwuliza bei ya vitanda.

Fimbo ninayo bado. Sikuichoma, kwa kuwa kuichoma kungekuwa kujifanya haikuwapo. Ipo juu ya kabati la vitabu, na wajukuu wakiniuliza kwa nini babu haishiki wala haitundiki, huwasimulia habari niliyokusimulia wewe. Jina la mvulana huwa siwatajii. Yeye ndiye wa kwanza aliyestahili kuisikia habari hii kinywani mwangu, na mpaka ninapoandika ukurasa huu sijamwendea.