MADRASA YA RIYADHA NA MLANGO WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad:

Ijulikane, enyi ndugu, ya kwamba msikiti wa Mtume, Madina, nguzo zake za kwanza zilikuwa magogo ya mitende. Pembeni mwake palikuwa na kivuli kilichoezekwa makuti ya mtende, jina lake Suffa, wakikaa hapo masahaba mafakiri wasio na nyumba. Miongoni mwao alikuwa Abu Huraira, ambaye hadithi zake zasomwa hatta leo.

Njia hiyo aliishika Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalil-Lail, mzaliwa wa Ngazija, aliyehamia Lamu. Zama zile waungwana wa Mkomani walikaa katika nyumba za mawe. Watumwa na wageni walikaa Langoni, katika vibanda vya makuti. Na elimu ilikuwa kama mali ya urithi. Habib Swaleh, naye ni sharifu, akaweka chuo chake Langoni, akawasomesha wanyonge. Baadhi ya wakubwa walichukia. Yeye hakuacha kusomesha.

Chuo kilianza kwa udongo na makuti. Kisha, karibu na mwaka 1900, ukasimama Msikiti wa Riyadha kwa mawe na chokaa, ukapewa jina la msikiti wa Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ile ilitoka mwaka 1907; walakini katika darasa la Riyadha mtumwa alikwisha kukaa mkekani mbele ya kitabu.

Nayo Sura ya Abasa yatosha kuwa onyo: kipofu Ibn Ummi Maktum alikuja kutaka elimu, na wakubwa wa Makureshi wamekaa, Mola akamwonya Mtume wake kwa ajili ya fakiri yule.

Basi mtu wa pwani aliyekaa Singida Mjini asiseme, "Hapa si Lamu." Mawe ya Singida ni magumu kuliko matumbawe, na madrasa yaweza kusimama juu yake. Lakini ajiulize: mtoto wa Kinyaturu akija na ubao wake, huketishwa mbele, au huachwa mlangoni kwa kuwa baba yake si mtu wa pwani? Chuo kinachomfukuza mwenye kiu, hatta kikipakwa chokaa nyeupe, ni kisima kilichofunikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie milango iliyo wazi. Amin.