Ulimi Baada ya Tamthilia

Ukipita mitaani mwetu baada ya sala ya Isha, utasikia mazungumzo ambayo mgeni akiyasikia atadhani kuna kesi kubwa iliyozuka mjini. Huyu asema, "Yule mwanamke ni nyoka." Mwengine amjibu, "Nyoka ni mama mkwe. Yeye ajitetea tu." Wa tatu, aliyekuwa kimya akinywa kahawa yake, aapa kuwa mwenye makosa ni mume, kwani lau angekuwa mwanamume kweli mambo yasingefika hapo. Asubuhi yake wanawake nao huyarudia hayo hayo jikoni, na watoto huyabeba mpaka chuoni. Kisha mgeni yule aambiwa kuwa wanaotajwa si watu wa mtaa ule wala wa mji ule. Ni watu wa tamthilia iliyoonyeshwa jana usiku katika televisheni.

Makusudio yangu leo si kueleza hukumu ya kutazama tamthilia. Jambo hilo lina wanavyuoni wake, nao wamelisemea. Makusudio yangu ni yale yanayofuata baada ya televisheni kuzimwa. Nataka tuulizane, mimi nawe: kumhukumu mtu wa tamthilia kuna dhara gani? Na kama hapana dhara kwake yeye, je, hapana dhara kwetu sisi?

Wengi hujibu upesi kuwa hapana dhara lolote. Mtume (S.A.W.) ameieleza ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo ambalo yeye hulichukia. Mtu wa tamthilia hana masikio ya kusikia wala moyo wa kuchukia. Mwandishi amembuni kwa kalamu yake, na sehemu ya mwisho ikiisha, naye amekwisha. Jawabu hili ni sahihi kwa kadiri yake, wala mimi silipingi. Aliyebuniwa hasengenyeki. Lakini jawabu hilo lina mianya miwili, na maji mengi hupita katika mianya hiyo.

Mwanya wa kwanza ni kuwa si wote tunaowaona katika tamthilia waliobuniwa. Chukua mfano wa tamthilia ya Kituruki iitwayo Muhteşem Yüzyıl, iliyoanza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011, ikafika nchi za Kiarabu kwa jina la Harim al-Sultan, kisha ikatiwa sauti za Kiswahili na kuingia katika kumbi zetu. Habari zake ni za Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Waturuki tangu 1520 mpaka 1566, na mkewe Bibi Hürrem. Hawa walikuwa watu wa kweli, Waislamu waliokufa na kuzikwa. Tamthilia ile ilizusha ghadhabu kwao huko. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, alilalamika hadharani kuwa Sultani yule alipitisha umri wake juu ya mgongo wa farasi vitani, si katika jumba la wanawake kama ilivyoonyeshwa.

Sultani huyo alikuwa na mwana aitwaye Mustafa, naye aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake. Sehemu ya kifo chake ilipoonyeshwa Februari 2014, watu walimiminika kaburini kwake katika mji wa Bursa, wakamlilia kana kwamba amekufa jana. Kumwombea maiti ni jambo jema. Lakini ndimi zile zile zilizomlilia Mustafa zilimlaani Bibi Hürrem, kwa kuwa tamthilia imemwonyesha kuwa ndiye aliyemfitini mtoto kwa baba yake. Huku kwetu pia nimesikia akilaaniwa, na Waislamu wenye tasbihi mkononi.

Bibi huyu ni nani? Miongoni mwa yaliyothibiti katika habari zake ni kuwa mwaka 1552 aliweka wakfu mkubwa katika mji wa Quds, wenye jiko la kuwapikia maskini, na zaidi ya miaka 400 baadaye jiko lile lilikuwa bado likipika. Je, alimfitini Mustafa? Wanahistoria wana yao ya kusema. Lakini maneno tuliyoyasikia chumbani mwake hapana karani aliyekuwa mlangoni akiyaandika. Yametungwa ili sisi tusilale. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Nasi twawatukana, tena kwa maneno waliyotiwa vinywani na mtunzi baada ya miaka mia nne na zaidi.

Mwanya wa pili ndio mkubwa zaidi, nao ni huu: ulimi hauna milango miwili, mmoja wa watu wa kubuniwa na mmoja wa majirani. Desturi uliyoizoea hapa huifuata hata kule. Nitakuhadithia jambo lililotokea mtaani kwetu, nami ni mmoja wa waliokosa.

Alikuwako mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, akaoa mwanamke wa mji mwengine. Miezi michache baadaye kijana wake mkubwa akatoka nyumbani, akasafiri Maskati bila ya kumuaga mtu. Msimu ule ndio tuliokuwa tukiitazama tamthilia hiyo kila usiku. Barazani mtu mmoja akasema kwa mzaha, "Hürrem wetu amekwisha mwondosha Mustafa." Tukacheka sote. Nami nilicheka, wala sikudhani kuwa nimefanya neno. Jina lile likatoka barazani likaingia majumbani, likatoka majumbani likaingia vinywani mwa watoto, wakawa wakimwita hivyo akipita na buibui lake kwenda dukani. Mwishowe yule bibi akawa haonekani arusini wala maulidini. Nasi tukapata la kuongeza: "Mwaona? Na kiburi pia anacho."

Mzee alipofariki, kijana alirudi. Siku ya hitima alisimama mbele ya jamaa, akasema kuwa alipoondoka alikuwa amezama katika madeni ya biashara iliyomharibikia, na wadai walikuwa tayari kumshitaki. Mama huyu wa kambo aliuza bangili zake za dhahabu, akalilipa deni, akamkatia tikiti, na akamsihi baba mtu asimwambie yeyote, ili kijana asiaibike. Pale ukumbini hapana aliyeinua uso.

Eda yake ilipokwisha nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu kutoka nyuma ya pazia, kwa upole: "Shemeji, wewe nimekusamehe. Lakini jina hilo limefika kwa watu wasionijua hata sura. Hao wataniomba radhi lini?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina.

Sasa, ndugu msomaji, tuchunguze. Tulikosea wapi? Sisi hatukuwa watu waovu kuliko wengine. Kosa letu ni kuwa tuliuchukua ujuzi tunaopewa na tamthilia tukajidanganya kuwa tunao pia juu ya jirani. Mtazamaji hupewa mambo matatu ambayo Mwenyezi Mungu hakumpa mtu juu ya mwenzake.

La kwanza, mtazamaji hupitishwa mlangoni. Huonyeshwa yanayotendeka chumbani usiku, nani alimnong'oneza nani, na barua ilifichwa wapi. Lakini nyumba ya jirani twaiona mlango tu, na wazee wetu walisema kuwa nyumba njema si mlango. Sisi tuliona kijana akitoka na mkoba. Bangili zikiuzwa hatukuziona.

La pili, mtazamaji hufunuliwa moyo wa mtu. Mwenye hila husema peke yake tukamsikia, na hata ngoma na zeze hupigwa kutujulisha kuwa huyu ana shari. Katika maisha hapana zeze. Usama bin Zaid (R.A.) alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, kwa kudhani kuwa ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Ikiwa sahaba mpenzi wa Mtume hakuruhusiwa kuusoma moyo wa adui uwanjani mwa vita, sisi tumeruhusiwa na nani kuusoma moyo wa jirani barazani?

La tatu, mtazamaji hungojea mwisho, na mwisho humjia. Mambo yote hufumbuliwa, mwema akajulikana na mbaya akajulikana. Lakini habari ya mwanadamu haifungwi na watu. Huenda uliyemwona akikosa jana ametubia usiku, nawe asubuhi wamtaja kwa dhambi iliyokwisha futwa.

Kumbuka kadhia ya Ifk, ambayo Mwenyezi Mungu ameiteremshia aya katika Surat An-Nur. Bibi Aisha (R.A.) aliachwa nyuma na msafara kwa ajili ya kuutafuta mkufu wake uliopotea. Safwan bin Muattal akamkuta, akampandisha juu ya ngamia wake, naye akamwongoza kwa miguu mpaka wakaufikia msafara. Watu waliona kipande kimoja tu: ngamia, mwanamke na mwanamume. Vipande vilivyosalia wakavitunga wenyewe. Mama wa Waumini akalia kiasi cha mwezi mzima mpaka Mola wake alipomtakasa. Tena tazama nyumba ya Abu Ayub Al-Ansari (R.A.). Yeye na mkewe walizungumza habari ile kama watu wote walivyoizungumza. Lakini walianza kwa kujiuliza wao wenyewe: je, sisi tungelifanya jambo hilo? Walipoona kuwa wasingelifanya, wakasema kuwa Aisha na Safwan ni bora kuliko wao. Maneno yalikuwa yale yale mjini, na mazungumzo yakatofautiana.

Huenda ukaniuliza: je, tunyamaze hata tukiona dhuluma? La, hasha. Imam Nawawi katika Riyadhu Swalihina ametaja sababu sita zinazohalalisha kutaja aibu ya mtu, kama vile mdhulumiwa kushitaki, mtu kutaka fatwa, au mwenye kutakwa shauri juu ya mposaji kusema analolijua. Sababu zote hizo zina manufaa ya kweli, na zina mipaka. Kupitisha usiku barazani si mojawapo.

Wala sikuambii kuwa mazungumzo ya tamthilia yote ni mabaya. Watu kukaa pamoja wakapima jema na baya ni jambo ambalo laweza kuleta kheri. Nimesikia baba na binti yake wakibishana juu ya mke aliyemficha mumewe jambo, na katika ubishi ule binti akasema la moyoni mwake ambalo asingelisema kwa njia nyengine. Basi ukitaka kuzungumza, fanya haya. Kihukumu kitendo, usikihukumu kiumbe; sema "uwongo huu umevunja nyumba," kisha ujiulize ni uwongo gani ulio nyumbani mwako wewe. Akiwa anayeonyeshwa ni Mwislamu aliyeishi na kufa, sema "tamthilia imemwonyesha hivi," kisha umwombee rehema. Na zaidi ya yote, jina la mtu wa tamthilia lisitoke katika tamthilia likatua juu ya mgongo wa mtu aliye hai. Hapo ndipo mchezo unapokuwa ghiba. Na ikiwa hayo uliyomsemea hayakuwa kweli, yamekuwa buhutani, na hiyo ni nzito zaidi.

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza dhana, kisha kupeleleza, kisha kusengenya, kwa mpango huo huo. Dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa masengenyo. Usiku wa leo, ndugu yangu, utakapoizima televisheni na majirani wakakusanyika, kumbuka kuwa hapo barazani pana Malaika wawili waandikao, nao hawaandiki katika daftari la mtunzi.

Ewe Mola, yule bibi wa mtaani kwetu umpe badala ya bangili zake iliyo bora kuliko dhahabu. Nasi utusamehe tuliyoyasema kwa mzaha, na uwalainishe kwetu nyoyo zao wale tusioweza tena kuwafikia tukawaomba radhi. Amin.