Mita Rahisi Zilikuwa za Nani?

Jino letu lina uzito wa kama kilo 70. Ni bamba la chuma la unene wa milimita 20, limekatwa kama kisu kikubwa cha buchari, na ncha yake imetokana na springi kuukuu ya lori. Nyuma ya kisu tulichomelea bomba lililopindwa, ili ule mrija mweusi wa plastiki wa kupitishia kebo ya intaneti uteremke wenyewe ardhini kisu kinapopita. Fundi aliyelitengeneza pale Kariobangi Light Industries hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, ila kwenye video niliyomwonyesha kwa simu. Linafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta ndogo ya nguvu farasi 25. Chuma na ufundi, shilingi 38,000. Siku nililolibeba nilijiona mjanja kweli.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Kitengela: nyumba za kupangisha, mita 360 za mrija kutoka langoni hadi kila mlango. Mwenye ploti alikuwa ananilipa 200 kwa mita. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya ploti ya jirani, urefu uleule, mawe yaleyale, kwa genge langu la watu sita. Kila mtu na jembe lake na sururu yake. Niliwalipa 100 kwa mita, wakamaliza kwa siku 5, kila mmoja akaenda nyumbani na 6,000. Ni 1,200 kwa siku. Kwa mjengo, hiyo si mbaya.

Jino lilimaliza mita 300 kabla ya saa kumi jioni. Huwezi kulizamisha mara moja. Trekta inapita mara ya kwanza ikichana juu juu, mara ya pili inashuka zaidi, na ya tatu ndiyo inavuta mrija. Pia lazima uvizie udongo. Ule udongo mweusi wa Kitengela ukikauka ni saruji, ukilowa ni gundi, na trekta inabaki kuzungusha magurudumu kama gari la arusi kwenye tope. Sisi tuliupata katikati. Juu ya ardhi pakabaki mstari tu, kama zipu iliyofungwa. Mwenye ploti alikuja, akatazama, akaniuliza, "Sasa mtaro uko wapi?" Ilibidi nimvutie mrija upande mmoja ili auone ukicheza upande wa pili. Nadhani alikuwa amelipia jasho na alitaka kuliona.

Zikabaki mita 60. Hizo zilipita kando ya mabomba ya maji, karibu na shimo la choo, chini ya kabro za njia ya magari, na kwenye kona moja ya mwamba. Jino ni kipofu. Likikuta bomba linalipasua na kuendelea na safari. Mtu anayejua sururu huhisi bomba kabla hajalifikia, mlio wa udongo unabadilika. Nikawaita watu watatu kati ya wale sita. Walichimba siku 3. Nikawalipa bei yetu, 100 kwa mita.

Mkubwa wao, mzee ambaye ndiye aliyenifundisha kusikia huo mlio, alihesabu pesa mara mbili.

"Boss, hii bei ni ya wapi?"

"Si ni ileile, mzee?"

"Bei ni ileile. Kazi si ileile."

Nilidhani anachukia mashine. Nilikuwa tayari na hotuba: wale mafundi wa Uingereza waliovunja mashine za kufumia kuanzia 1811, na dunia haikusimama, mtu hawezi kuzuia wakati kwa jembe. Nikaimeza, si kwa busara, ila tu kwa sababu dereva wa trekta alikuwa anangoja kulipwa. Nikarudi Nairobi kwa matatu nikipiga hesabu kwenye simu, nikitaka kuthibitisha kwamba niko sawa.

Watu watatu, siku 3, shilingi 6,000. Kila mmoja 2,000. Kwa siku ni 667 hivi. Bei haikushuka hata shilingi moja, lakini mshahara wao ulikuwa umekaribia nusu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Ile 100 haikuwahi kuwa bei ya mita. Ilikuwa bei ya mtaro mzima, mita laini na mita ngumu zikiwa zimechanganywa. Kwenye udongo laini mtu alichimba mita 14 kwa siku, kwenye mwamba akachimba 6 au 7, na siku nzuri ikaibeba siku mbaya. Mita rahisi ndizo zilizokuwa zikilipia ngumu. Hakuna aliyeandika mkataba huo popote. Ulikuwa umekaa ndani ya namba, na mimi nikaja na kisu changu nikachukua mita zote rahisi, nikawaachia mwamba kwa bei ya wastani. Halafu nikasema ni ileile.

Mwanauchumi David Ricardo aliamini kwa miaka kwamba mashine huwafaidi wote hatimaye. Mwaka 1821, katika toleo la tatu la kitabu chake kikuu, aliongeza sura nzima kuhusu mashine, akakiri kwamba alikuwa amekosea: mashine inaweza kumwumiza mfanyakazi, na malalamiko yake si ujinga. Namheshimu kwa hilo. Lakini wasiwasi wake ulikuwa hasa juu ya mtu anayepoteza kazi. Mzee wangu hakuwa ameipoteza. Alikuwa amebaki nayo, na ndiyo ilikuwa shida.

Na wala mimi si wa kwanza kujificha nyuma ya chuma. Mwaka 1843, Marekani, Ezra Cornell alibuni plau ya kufukia waya wa telegrafu ya Samuel Morse kati ya Baltimore na Washington. Waya za ndani zikaanza kufeli, kazi ikabidi isimame, lakini hawakutaka magazeti yajue. Inasimuliwa kwamba Cornell aliigongesha plau kwenye mwamba makusudi, ili ionekane kama ajali. Mwishowe waya zilipandishwa kwenye nguzo. Baadaye mtu huyo alitajirika na chuo kikuu kikapewa jina lake. Yeye alitumia plau iliyovunjika kuficha ukweli. Mimi niliuficha kwa plau iliyofanya kazi vizuri.

Kwa sababu kuna namba nyingine ambayo sikuitaja pale Kitengela. Zamani genge lilinigharimu 36,000. Safari hii nililipa 6,000 kwa vibarua na 9,000 kwa trekta, dereva na dizeli. Zilibaki 21,000 ambazo hazikuwahi kuwa zangu. Unaweza kusema zinalipia Jino. Sawa, lakini kwa kazi mbili tu Jino lingekuwa limejilipa, na mimi nisingeacha kuzichukua kwenye ya tatu.

Ili wale watatu wapate 1,200 yao ya kila siku, mita ngumu ilipaswa kuwa 180. Tofauti yote ni 4,800. Nilipoona ni kidogo hivyo, aibu ilizidi badala ya kupungua.

Nikampigia mzee. Nikamwambia nimekosea hesabu, nitawatumia 1,600 kila mmoja kwa M-Pesa, na kuanzia sasa mita ngumu ni 180. Akanyamaza kidogo.

"Na wewe ulibaki na ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia.

Akacheka, si kwa ubaya. "Haya. Basi tuanzie hapo, kijana yangu. Na wale watatu hukuwaita, wao walibaki na ngapi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Siku 21 za vibarua ziliyeyuka mchana mmoja, na hakuna bei ya mita inayoweza kuzirudisha. Tulibishana karibu nusu saa, salio langu likaisha, akanipigia yeye. Tukafikia 220 kwa mita ngumu, na watu sita wachimbe kwa zamu, watatu kazi hii, watatu ijayo. Kazi ijayo ni Syokimau, mwezi ujao. Nimewapigia wote. Wawili hawashiki simu yangu.