Baba Yetu Katika Siku ya Taabu

Katika maombi yetu hakuna jina tulitajalo mara nyingi kuliko jina la Baba. Twalitamka asubuhi kabla ya kwenda shamba, twalitamka jioni taa ziwashwapo, na watoto wetu hulisema kwa sauti moja hata kabla hawajajua kusoma. Siku za mavuno jina hilo ni jepesi mdomoni. Ghala imejaa, watoto ni wazima, mbuzi wanazaa. Ni nani asiyeweza kusema kwamba Mungu ni Baba? Lakini huja mwaka mwingine mvua isinyeshe, au homa ikaingia nyumbani, na jina lile lile likawa zito kama jiwe. Hapo ndipo mtu hujiuliza moyoni: Ikiwa kweli yeye ni Baba, mbona atuacha hivi? Swali hilo ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi, ndugu wasomaji.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Mwaka mmoja mama wa kijiji chetu aliwazika watoto wawili katika masika moja. Jioni moja alikuja kwetu, akaketi barazani, akatuuliza, "Mwalimu, ni baba gani huyu atazamaye wanawe wakifa?" Sisi, kwa kuwa kazi yetu ni kufundisha, na tumezoea kuwa na jibu kwa kila swali, tulimjibu upesi. Tulimwambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, na ya kuwa haifai Mkristo kulia kama watu wasio na tumaini. Yule mama akanyamaza, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Jumapili ile hakuonekana kanisani, wala ile iliyofuata. Baadaye tulitambua ya kwamba si mauti yaliyomfukuza, bali ni sisi. Alikuja mlangoni petu ili amlilie Baba yake, nasi tukamfungia mlango.

Jambo hilo lilitusumbua siku nyingi, hata tukafundishwa na mtoto mdogo. Tulikuwa tukipita kijijini, tukamkuta mwanamke akimtoa mwanawe funza mguuni. Alikuwa amembana kwa magoti, sindano mkononi, na mtoto akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Tukasimama kusikiliza. Je, alikuwa akimwita nani? Hakumwita jirani aliyeketi karibu, wala hakutuita sisi tuliokuwa tukipita. Alilia, "Mama! Mama!" Yule yule aliyekuwa akimchoma ndiye aliyemwita. Na alipoachiliwa hakukimbilia nyumba ya watu wengine, bali alijitupa kifuani mwake, akaendelea kulia pale pale.

Tulikwenda zetu tukiwaza. Mtoto yule hakujua sindano ni ya nini. Wala hakusema kwamba uchungu ni mtamu, maana angesema uongo. Wala hakunyamaza. Alilijua jambo moja tu, yaani alimjua mama yake. Na ujuzi huo hakuupata siku ile ya sindano. Aliupata zamani, aliponyonyeshwa, alipobebwa mgongoni, alipopozewa uji usiku alipokuwa mgonjwa. Basi tukaona kwamba kumtumaini Mungu si kuacha kulia, wala si kuyaita mabaya kuwa ni mema. Ni kumlilia yeye mwenyewe, hata pale tusipoufahamu mkono wake. Mtu aliyeacha kumtumaini mzazi wake hamlilii. Humpa kisogo, akanyamaza. Kwa hiyo yule mama aliyetuuliza swali kali barazani alikuwa bado ana imani, na pengine imani yake ilipita yetu tuliomjibu.

Lakini mfano huu tusiuchukue mbali kuliko inavyofaa. Si kila taabu ni sindano ya kutolea funza. Yako maovu yatokayo katika mikono ya watu, na kusema kwamba Mungu ndiye aliyeyatenda ni kumsingizia. Wazee wetu wa pwani na wa bara waliyajua hayo katika siku za biashara ya watumwa. Hebu tumtwae mtu mmoja aliyeyaonja, ambaye habari zake zajulikana sana katika Kanisa la Afrika: Samuel Ajayi Crowther, wa kabila la Wayoruba, katika nchi iitwayo leo Nigeria.

Mwaka 1821, naye angali mvulana wa miaka 12 au 13 hivi, wateka watu waliushambulia mji wao wa Osogun asubuhi, wanawake wakiwa katika kupika chakula. Ajayi alifungwa kamba shingoni pamoja na mama yake na dada zake. Baba yake hakumwona tena. Muda si mrefu akatengwa na mama yake pia. Aliuzwa, akauzwa tena. Hata mara moja alibadilishwa kwa farasi, na farasi asipopendeza, mtoto akarudishwa, kama mtu arudishavyo jembe bovu dukani. Usiku alijaribu kujinyonga kwa mshipi wake, lakini hakuweza kujikaza moyo. Mwaka 1822 alitiwa katika merikebu ya Wareno ili apelekwe ng'ambo. Manowari ya Waingereza ikaikamata, naye akashushwa Sierra Leone, mtu huru, lakini katika nchi ya wageni, hana baba wala mama.

Huko alisoma, akabatizwa mwaka 1825, akawa mwalimu, na mwaka 1843 akapewa ukasisi. Mwaka 1846, alipokuwa katika kazi ya Injili mjini Abeokuta, mama yake akaja kwake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Walitazamana kimya, machozi yakiwatoka, maneno yasipatikane. Mwaka 1848 yule mama akabatizwa, akaitwa Hana, jina la mama yake nabii Samweli. Na mwaka 1864 mwanawe akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika Kanisa la Anglikana.

Mwaka 1837 Crowther aliandika habari za kutekwa kwake. Siku ile aliiita siku ya huzuni, lakini akaongeza kwamba amefundishwa kuiona kwa njia nyingine kuwa siku ya baraka. Neno hili latupasa kulifikiri sana. Alilisema yeye mwenyewe, tena alilisema kwa habari ya jeraha lake mwenyewe, baada ya miaka 16. Lau mtu angalimwendea njiani, kamba ingali shingoni, akamwambia, "Furahi, hii ni siku ya baraka," mtu huyo angalikuwa mkatili, hata kama neno lenyewe lingekuja kuwa kweli. Mtu aweza kusema juu ya kidonda chake kilichopona neno ambalo jirani hana ruhusa ya kulisema juu ya kidonda kinachotoka damu. Hili ndilo kosa tulilolifanya sisi kule barazani.

Tena pengine msomaji atasema, "Crowther alirudishiwa mama yake, kwa hiyo alimtumaini Mungu. Mimi je, nisiyerudishiwa?" Jibu lake ni uzee wa mtu huyu. Katika miaka yake ya mwisho wamisionari vijana kutoka Ulaya walianza kuwashuku watenda kazi wake Waafrika, wakawaondoa kazini, naye mzee akaaibishwa mbele ya watu. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na jambo hilo halijatengenezwa. Lakini hakumwacha Mungu wake, wala hakuiacha kazi. Tumaini lake basi halikuwa ujira wa mambo mema aliyoyapata. Alimjua Baba yake katika mema, naye akamshika katika mabaya.

Na juu ya watumishi wote tunaye Bwana wetu. Neno Aba, ndilo Baba katika lugha ya kwao, katika Injili zote nne laonekana mahali pamoja tu kinywani mwake: bustanini usiku ule alipokamatwa, kama alivyoandika Marko. Hatulisomi katika siku ya kugawa mikate, wala katika siku ya kuingia Yerusalemu kwa shangwe. Alilitamka alipokuwa na huzuni kiasi cha kufa, akiomba kikombe kiondolewe. Nacho kikombe hakikuondolewa. Alikinywa chote, na mauti ikamshika, na siku ya tatu Baba yake akamfufua. Kwa hiyo mtu aombaye aondolewe taabu yake, akilia, asidhani kwamba amekosa imani. Mwana wa Mungu aliomba vivyo hivyo kabla yake.

Basi tufanyeje? Katika siku za shibe tuzoee kukaa na Mungu, maana siku ya njaa si siku ya kuanza kumjua. Katika siku ya msiba tusimzuie mtu kulia, wala tusifanye haraka kumweleza maana ya msiba wake. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; sisi majirani tunyamaze kidogo. Lakini tusikae mikono mitupu. Tumtekee maji, tumpikie uji, tumlimie shamba lake lisiingie magugu. Mara nyingi Baba yetu huwashika watoto wake kwa mikono ya watoto wake wengine, na mikono hiyo ikilegea, aliye katika taabu hudhani ya kuwa Baba mwenyewe amemwacha.

Sisi nasi tulirudi kwa yule mama. Tulimwomba radhi, tukaketi, wala hatukufundisha neno. Akatueleza habari za wanawe, majina yao na michezo yao, hata jua likachwa. Wiki kadhaa baadaye alikuja katika sala ya jioni, akaketi karibu na mlango. Tulipofika mahali pa kumtaja Baba, alilia kwa sauti, na watu wengine wakageuka kumtazama. Safari hii hatukumnyamazisha, maana tulijua sasa anamlilia nani. Wewe nawe, ndugu msomaji, kama u katika taabu leo, usimpe Baba yako kisogo. Mwambie yote, hata maneno makali. Mtoto akilia kifuani pa mzazi wake, hajapotea.