Ratili ya Nyama na Cherehani ya Mjane

Naandika makala haya nikiwa na deni. Si deni la fedha. Ni deni la mwandiko wangu kwenye karatasi moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Singida. Tulikuwa wanachama 25, karibu wote waumini, na kila mkutano tuliufungua kwa sala. Mwenzetu mmoja, mama mjane, alikopa shilingi 400,000 ili alime vitunguu. Dhamana yake ilikuwa cherehani, ambayo ndiyo ilimlisha yeye na watoto tangu mumewe afariki. Msimu ule bei ya vitunguu ilianguka, akauza kwa hasara. Siku ya marejesho ilipofika hakuwa na kitu. Tulimwongezea mwezi mmoja, nao ukapita. Kikao kikaamua cherehani ichukuliwe. Mimi nikaandika muhtasari, nikataja kifungu cha katiba yetu, nikatia saini. Vijana wawili wakaenda kuibeba. Kisha tukafunga mkutano kwa Sala ya Bwana, pamoja na lile ombi la kusamehewa deni zetu.

Hakuna aliyevunja sheria siku ile. Jambo hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilipotafuta kosa langu kwenye karatasi sikuliona.

Katika vitabu vyangu vya ualimu kuna kimoja kilichonisaidia kuliona. Kinaitwa Mabepari wa Venisi. Ni mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare kati ya mwaka 1596 na 1598, na Mwalimu Julius Nyerere akauleta katika Kiswahili. Mwalimu alikuwa Rais wa nchi alipoifanya kazi hiyo, tena ilikuwa tafsiri yake ya pili ya Shakespeare baada ya ile ya Julius Caesar. Ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Baadaye katika uzee wake alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyezoea kusoma fasihi na Biblia pamoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, anataka kumsaidia rafiki yake Bassanio. Fedha zake zote ziko baharini kwenye merikebu, basi anakopa dukati 3,000 kwa Myahudi Shylock, kwa miezi mitatu. Wanaandikiana mkataba: asipolipa kwa siku yake, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinafika kwamba merikebu zimepotea, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu. Bassanio anamtolea fedha mara mbili ya deni, anakataa. Portia, mke wa Bassanio, amevaa kiume na kujifanya mwanasheria. Anamsihi Shylock awe na rehema, anakataa. Ndipo Portia anamwambia: kata, lakini mkataba unasema nyama tu, haukutaja damu. Ukimwaga tone moja, mali yako imekwenda.

Msomaji wa Tanzania leo hawezi kupita hapo bila kusimama. Sisi wenyewe tumeuita mkopo wa aina fulani "kausha damu". Anayekopa mkopo huo haoni kisu, lakini mwisho wa mwezi nyumba yake imekauka: godoro limekwenda, kuku wamekwenda, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Shylock alishindwa kuipata nyama bila damu. Wakopeshaji wa siku hizi wameipata njia.

Lakini ndugu msomaji, tukiishia hapo tutakuwa tumejipendelea. Ni rahisi kumnyoshea kidole Shylock, na Waingereza wa zamani zile walifanya hivyo hivyo. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi katika Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kukaa tena waziwazi mpaka miaka ya 1650. Watu waliojaa kutazama mchezo ule London walimcheka mtu ambaye hawakupata kuketi naye mezani. Wakati huo huo riba ilikuwa ikitembea kati yao wenyewe. Sheria yao ya mwaka 1571 iliacha nafasi ya kutoza hadi 10 kwa kila 100. Baba yake Shakespeare, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba kinyume cha sheria. Shakespeare naye aliwahi kumpeleka jirani mahakamani kwa deni la pauni sita. Wakristo walikopeshana, wakadaiana, wakafungana, halafu dhambi hiyo wakaivika uso wa mgeni.

Naona hapo hekima ya jina alilolichagua Mwalimu. Katika Kiingereza jina la mchezo linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu akaandika mabepari, kwa wingi. Shylock yumo, na Antonio yumo.

Sasa tazameni kinachofuata mahakamani. Shylock ameshindwa, na maisha yake yako mikononi mwa Wakristo waliokuwa wakimhubiria rehema dakika chache zilizopita. Wanampa uhai, ni kweli. Lakini mali yake inagawanywa bila yeye kuwa na neno, na Antonio anaweka sharti kwamba awe Mkristo. Mzee yule anakubali, anasema hajisikii vizuri, anaomba aondoke. Antonio alikuwa amemtemea mate na kumwita mbwa, tena wakati wa kukopa alisema angeweza kumfanyia hivyo tena. Katika baraza lote lile hakuna aliyemwomba radhi kwa mate yale. Na ubatizo ambao Bwana wetu aliutoa uwe zawadi, wakamtwisha kama faini.

Basi swali langu ni hili: rehema inalipwa na nani? Haki hulipwa na mwenye kosa. Rehema hulipwa na anayesamehe. Hakuna deni linalofutika hivi hivi. Likiondoka mgongoni mwa mmoja, mwingine amelibeba. Katika mfano wa Mathayo 18, mfalme aliyemsamehe mtumwa talanta elfu kumi alizipoteza kweli talanta zile. Msalaba wenyewe unatufundisha hivyo. Kwa hiyo kumhubiria mwingine rehema, huku mimi nisitoe hata senti, ni kumtuma yeye akalipe kwa ajili ya wema wangu.

Wengine watasema, "Mwalimu, ukifundisha hivyo vikundi vitakufa. Watu watakopa, kisha waje na machozi." Hoja hiyo ina uzito. Fedha za kikundi si za mtu mmoja. Katika zile 400,000 kulikuwa na hisa za mjane mwingine, zilizokuwa ada ya mwanawe. Mimi sikuwa na haki ya kuzisamehe kwa mdomo wangu. Wapo pia washarika wanaotumia neno "tusameheane" kama njia ya kukwepa kulipa, na huo ni wizi uliovaa joho.

Hata hivyo Maandiko hayakutuacha gizani. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kuchukua maisha ya mtu. Jiwe la kusagia la mama yule lilikuwa cherehani. Hatukupaswa kuipokea hata siku ya kwanza, alipokuja kwa hiari yake akitabasamu. Tena Nehemia, sura ya 5, alipowakemea wakubwa waliochukua mashamba ya ndugu zao, alikiri kwamba yeye na nduguze nao walikuwa wamekopesha, na akasema tuache. Alijihesabu humo.

Nilichelewa, lakini nilijaribu. Nilipeleka hoja kwamba deni tuligawane: 400,000 kwa watu 25 ni shilingi 16,000 kila mmoja. Nikaanza kwa kuweka yangu mezani. Wengine waliweka, wengine walikataa, na sikuwalaumu. Zilizopatikana hazikutosha, na cherehani ilikuwa imeshauzwa. Nikaenda kwake na kile kilichopatikana, nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa uji. Akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu. Ila kwenye kikundi sirudi."

Neno lile nalibeba hadi leo. Alinisamehe, na gharama ya kusamehe akailipa yeye, ambaye tayari alikuwa amelipa cherehani.

Nawaachia, wapendwa, mambo mawili ya kupeleka kwenye vikundi vyetu. La kwanza, tuandike katika katiba zetu kwamba kitu kinachomlisha mtu hakipokelewi kuwa dhamana, kiwe cherehani, jembe la ng'ombe au baiskeli ya kubebea maji. La pili, anayesimama kuomba mdaiwa ahurumiwe, asimame akiwa ameshika sehemu yake mkononi. Na tutakapofika kwenye lile ombi la deni katika Sala ya Bwana, tusiliharakishe. Tulitamke polepole, kila mmoja akimkumbuka kwa jina mtu anayemdai.