Nuru na Kipimo Chake

Mtu asimamaye mbele ya Ngome ya Yesu, katika kisiwa cha Mombasa, huwaza juu ya vita. Hukumbuka kuwa Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na kuwa Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Ni wachache wawazao juu ya jiwe lenyewe. Ngome hii imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe yamo katika kuta zake. Kabla ya Wareno, basi, kulikuwa na wajenzi wengine: viumbe wadogo wa baharini, kila kimoja kikiacha mifupa yake ya chokaa juu ya mifupa ya waliotangulia.

Viumbe hao huishi kwa nuru. Ndani ya miili yao hukaa vijimea visivyoonekana kwa macho. Vijimea hupokea mwanga wa jua, hutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Pasipo nuru, vijimea hudhoofika na tumbawe hufa njaa.

Siku hizi wako watu wafugao matumbawe nyumbani, katika tangi dogo la kioo. Mfugaji akiona matumbawe yake hayakui, huilaumu taa, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hununua taa nyingine yenye nguvu, naye kwa furaha huiwasha yote siku ile ile. Baada ya siku chache matumbawe huwa meupe kama karatasi. Nuru iliyozidi ghafula imevifanya vijimea vitoe sumu, na mwenyeji amevifukuza ili ajiponye. Mfugaji alitaka kutenda wema, lakini ametenda dhara.

Je, wema uliopita kipimo hubaki kuwa wema? Mtu aweza kujibu kuwa nia ndiyo itazamwayo, na nia ya mfugaji ilikuwa safi. Jibu hili halitoshi. Tumbawe halili nia. Mfugaji alipima nuru kwa furaha yake mwenyewe, wala hakuipima kwa uwezo wa mpokeaji. Baharini jua ndilo lililolilea tumbawe. Amtoaye kiumbe katika jua hujitwika kazi ya jua.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Aogopaye kuunguza hata akaacha giza hana sifa iliyo bora, maana tumbawe lililo gizani hufa vile vile, ila hufa polepole. Kipimo si uchoyo. Mfugaji mwenye busara huiwasha taa mpya kwa nguvu ndogo, au huiinua mbali na maji, kisha huongeza kidogo juma kwa juma, akiitazama rangi ya kiumbe asiyeweza kusema. Tena hujua kuwa tumbawe likianza kukua hudai chokaa zaidi katika maji. Aliyeongeza nuru pasipo kuongeza riziki hakumaliza wajibu wake.

Haya si ya matumbawe peke yake. Mwalimu amwagaye elimu yote kwa siku moja, mzazi amrekebishaye mtoto makosa yote kwa saa moja, na rafiki asemaye kweli yote mbele za watu, wote wana taa nzuri. Wapungukiwacho ni jicho la kumtazama yule anayeangaziwa. Nawe, msomaji kijana, utapewa taa yako siku moja.

Wahenga walisema, kawia ufike. Tumbawe la mviringo hukua kwa kadiri ya sentimita moja tu kwa mwaka, na pengine pungufu. Hata hivyo, kwa mwendo huo mdogo, chini ya nuru iliyopimwa na maji ya bahari, uliinuka mwamba ambao juu yake ngome imesimama kwa zaidi ya miaka 400.